Kujua mwaka wa picha za zamani za Battersea Power Station kwa dohani zake na majirani zake

MpangaPicha

Wakuu, salaam. Nina picha tano za karatasi za Battersea Power Station, London. Hazina tarehe wala jina la mpigaji, nyuma ni tupu. Natakiwa kuziandikia maelezo mafupi: mwaka (au hata muongo tu) na kamera ilisimama wapi. Ziko hivi:

Picha 1: nyeusi na nyeupe. Mto mbele, jengo ng'ambo, dohani mbili. Daraja la reli liko kushoto mwa jengo.

Picha 2: ya rangi. Mto mbele, dohani tatu. Inayokosekana ni ya nyuma, upande wa kulia.

Picha 3: ya rangi. Mto mbele, dohani nne, mbili za kushoto zinatoa moshi. Gatini kuna meli.

Picha 4: nyeusi na nyeupe. Mto mbele, dohani moja tu.

Picha 5: ya rangi. Dohani nne, hakuna moshi, na kwenye madirisha marefu ya ukuta wa mtoni inaonekana mbingu upande wa pili. Dohani zina michirizi ya kahawia.

Nimeanza kwa kuhesabu dohani na kulinganisha na miaka ya ujenzi, lakini Picha 2 imenivuruga. Mnaolijua jengo hili, nianzie wapi?

---

ZegeNaMoshi

Anza na jengo lenyewe lilivyokaa, dohani utazihesabu baadaye. Wengi hukosea hapo.

Hilo unaloliona kama jengo moja ni vituo viwili vilivyounganishwa ubavu kwa ubavu. Kituo A ni nusu ya magharibi, kituo B nusu ya mashariki. A ilianza kujengwa 1929, ikaanza kutoa umeme 1933, ikakamilika 1935. B ilikamilika 1955. Sura ya nje ni ya Giles Gilbert Scott, aliyebuni pia kile kibanda chekundu cha simu cha Uingereza na kituo cha Bankside ambacho sasa ni Tate Modern. B ilifuatishwa A makusudi, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta tofauti kwenye matofali.

Kila kituo kina ukumbi mrefu wa boila wenye dohani moja kila mwisho, na ukumbi wa turbini ubavuni kwa nje, mfupi kwenda juu. Kumbi za boila zimekutana katikati. Ndiyo sababu dohani zinakaa kwenye pembe za kile kipande kirefu cha kati: kaskazini-magharibi na kusini-magharibi ni za A, kaskazini-mashariki na kusini-mashariki ni za B.

Jengo liko ukingo wa kusini wa Thames. Picha yenye mto mbele imepigwa ukiangalia kusini, kwa hiyo A iko kulia kwako na B kushoto. Andika hilo kwenye karatasi uliweke mezani, maana akili hurudi yenyewe kudhani magharibi ni kushoto kama kwenye ramani.

Sasa hesabu:

Dohani mbili, zote kulia: A imekamilika, B bado.
Dohani tatu: B inapanda. Ya nne ilikamilika 1955.
Dohani nne: 1955 hadi 2014.
Kuanzia 2014: zilivunjwa na kujengwa upya, kazi ikaisha 2017. Ya kusini-magharibi ndiyo iliyotangulia.

Kwa hiyo dohani tatu zina majibu mawili yaliyoachana kwa zaidi ya nusu karne, na kinachoamua ni ipi inayokosekana. Kabla ya 1955 pengo lazima liwe upande wa B, yaani kushoto kwako. Pengo lako liko nyuma kulia, kusini-magharibi. Picha 2 ni ya kipindi cha ukarabati, 2014 au karibu na hapo.

---

MstariMmoja

Naongeza tahadhari kwa aliyotangulia kusema, kwa sababu Picha 2 haijaisha.

Dohani mbili za A zimepangana kaskazini na kusini. Mpiga picha akisimama ukingo wa Pimlico, yaani ng'ambo ya kaskazini, kwenye mstari huo, ya mbele inaiziba ya nyuma kabisa. Utaona tatu ingawa zipo nne, na "inayokosekana" itakuwa ya nyuma kulia, kama ulivyoandika. Vilevile kwenye Picha 4: dohani moja inaweza kuwa mbili za A zilizofichana.

Kwa hiyo kabla ya kusema "haipo", fanya hivi:

1. Tazama jozi nyingine. Kama za B zimeachana waziwazi na hiyo ya A uliyoiona imesimama peke yake, uwezekano wa kufichana bado upo. Kama jozi ya B nayo inakaribia kufichana, basi mpigaji yuko katikati mbele ya jengo, na kwa hapo za A nazo hufichana kidogo tu, si zote. Ya nyuma ingechungulia pembeni.

2. Tazama unene wa dohani kwa lenzi ya kukuzia. Mwembamba juu, mnene chini ndiyo umbo lake halali: karibu mita 8.5 kitakoni na 6.7 kileleni. Ukiona ukingo mmoja una ngazi au kivuli kilichovunjika, kuna ya pili nyuma.

3. Tafuta kisiki. Wakati wa kubomoa, kitako kilibaki na jukwaa la chuma limezungushwa. Jukwaa au kreni ndefu za ujenzi zikiwepo, ubishi umekwisha.

Usitegemee rangi. Filamu za rangi zilikuwepo kabla ya 1955, na picha nyeusi na nyeupe zinapigwa hadi leo.

Sasa Picha 1. Daraja la reli ni Grosvenor Bridge, linaloingiza treni stesheni ya Victoria. Liko magharibi mwa kituo. Ukisimama Pimlico ukiangalia kusini, linatakiwa liwe kulia. Lako liko kushoto. Nauliza: daraja linakatiza mbele ya jengo au liko ubavuni mwake? Kama linakatiza mbele, mpigaji yuko juu ya Chelsea Bridge (daraja la barabara lililo magharibi zaidi) au karibu nayo, anaangalia mashariki, na daraja la reli kuelekea kushoto ni sahihi kabisa. Kama liko ubavuni na jengo linaonekana uso wake wote wa mtoni, picha imechapwa kinyume, negativu iligeuzwa uso.

---

MpangaPicha

Asanteni sana. Majibu:

Picha 1: daraja liko ubavuni, halikatizi. Uso wa mtoni unaonekana wote. Dohani mbili ziko upande wa kushoto wa jengo, kulia ni ukuta mfupi na uwanja wazi.

Picha 2: nimekuza. Kuna kisiki na jukwaa, na kreni mbili ndefu juu ya paa.

Picha 4: jengo ni jembamba. Sioni nusu ya pili kabisa. Nyuma kulia kuna kitu kikubwa cha mviringo, kirefu karibu sawa na paa la jengo.

Nauliza pia: naweza kujua umbali wa kamera? Na ile michirizi ya kahawia ya Picha 5 ni moshi au kutu?

---

MstariMmoja

Picha 1 basi imegeuzwa. Ushahidi ni miwili na unakubaliana: daraja liko upande usio wake, na A iko upande usio wake. Ushahidi mmoja usingetosha. Tafuta na maandishi, jina la meli au bango lolote, kwa kioo. Yakisomeka kwenye kioo, umemaliza. Katika maelezo andika "imechapwa kinyume", usiigeuze kimyakimya.

Mwaka wake: dohani mbili maana yake si kabla ya katikati ya miaka ya 1930. Ili ubane zaidi, angalia kama nyuma ya daraja la reli kipande chochote cha Chelsea Bridge kinaonekana. Daraja la zamani la 1858 lilikuwa na minara ya chuma yenye mapambo mengi. La sasa, lililofunguliwa Mei 1937, lina minara mitupu isiyo na urembo. Minara mitupu pamoja na dohani mbili: 1937 au baadaye. Minara ya mapambo pamoja na dohani mbili: umebahatika, hiyo ni karibu sana na 1935, kwa sababu daraja la zamani lilifungwa mwaka huo.

Grosvenor Bridge halisaidii sana. Lilijengwa upya 1963 hadi 1967 lakini umbo la matao lilibaki, kwa hiyo kwa mbali la zamani na jipya yanafanana. Linasaidia tu ukiona kazi ya ujenzi ikiendelea juu yake.

Kuhusu umbali: ndiyo, kwa kukadiria. Unahitaji vitu vitatu, yaani kimo halisi cha kitu, kimo chake kwenye negativu, na urefu wa lenzi (urefu wa fokasi, ule unaotajwa kwa milimita, si urefu wa umbo lake).

Umbali = urefu wa lenzi × kimo halisi ÷ kimo kwenye negativu.

Dohani za zamani zilikuwa mita 103 kutoka ardhini. Tuseme una chapa ya sentimita 10 kwa 15 iliyotoka kwenye filamu ya milimita 35. Fremu ni milimita 36 kwa 24, kwa hiyo imekuzwa 150 ÷ 36, karibu mara 4.17. Dohani ikipima milimita 42 kwenye chapa, kwenye negativu ni karibu 10.1. Lenzi ikiwa ya milimita 50: 50 × 103 ÷ 10.1, takribani mita 510.

Hapo ndipo unalinganisha na ramani. Chelsea Bridge ina urefu wa mita 213 hivi, na hiyo inakupa wazo la upana wa mto. Mita 510 ni nyingi mno kwa mtu aliyesimama ng'ambo moja kwa moja mbele ya jengo. Ama alisimama pembeni akilitazama kwa mshazari, ama lenzi haikuwa ya 50, ama chapa imekatwa kingo. Hesabu hii hailali kitanda kimoja na chapa iliyokatwa, kwa hiyo kagua kwanza kama uwiano wa pande ni 3 kwa 2.

Kosa jingine ni kupimia kutoka kwenye maji. Thames hapo hupanda na kushuka kwa takribani mita 7 kati ya maji kujaa na kupwa. Pimia kutoka juu ya ukuta wa gati.

Njia ninayoiamini zaidi kuliko umbali ni mistari. Tafuta kwenye picha vitu viwili vilivyopangana, kwa mfano dohani ya mbele ikigusa ukingo wa ile ya nyuma. Kwenye ramani chora mstari unaopita vitu hivyo hadi ng'ambo. Tafuta jozi ya pili, mfano nguzo ya daraja na pembe ya jengo, uchore tena. Mistari inapokutana ndipo kamera ilipokuwa. Jozi ya tatu ni ya kuhakikisha. Haihitaji kujua lenzi wala kukata kwa chapa.

---

ZegeNaMoshi

Hicho kitu cha mviringo kwenye Picha 4 ni tangi la gesi. Kusini mwa kituo kulikuwa na kiwanda cha gesi, na tangi kubwa kuliko yote lilijengwa 1932. Lilikuwa la aina isiyotumia maji, ganda lake halikuwa likipanda na kushuka kama matangi ya kawaida, kwa hiyo kimo chake ni kilekile kwenye kila picha. Lilibomolewa baada ya 2010. Liko kusini-magharibi, ndiyo maana unaliona nyuma kulia. Hiyo inathibitisha pia kuwa Picha 4 haijageuzwa.

Tangi lipo, nusu ya B haipo: si kabla ya 1932. Kilichobaki ni kuamua kama dohani ni moja kweli au mbili zimefichana, na bila jozi ya B huna cha kulinganisha. Andika "miaka ya 1930" uishie hapo. Kubana zaidi ni kubahatisha.

Picha 3 ndiyo tamu. Kituo A kilizimwa 17 Machi 1975 na B 31 Oktoba 1983. Moshi kushoto tu maana yake B tu ndiyo inawaka, kwa hiyo 1975 hadi 1983. Meli gatini inakubaliana na hilo. Makaa yalikuja kwa meli kutoka kaskazini-mashariki mwa Uingereza na Wales ya kusini, meli fupi za kwenda juu zenye dohani na milingoti ya kulazwa ili zipite chini ya madaraja. Lakini kreni za gati zisikudanganye, zilibaki pale miaka mingi baada ya kuzimwa. Meli ni ushahidi, kreni siyo.

---

KipimaJoto

Hapo kwa Picha 3 sikubali. Moshi ukiwepo unathibitisha kuwa boila inawaka. Moshi usipoonekana hauthibitishi kuwa kituo kimefungwa. A ilikuwa ya zamani na kwenye miaka yake ya mwisho ilikuwa inapumzishwa umeme usipohitajika sana. Siku ya joto ya 1968 ingeweza kutoa picha hiyohiyo.

Tena moshi wa Battersea ulikuwa na tabia yake. Gesi iliyotoka boilani ilioshwa kwa maji ya Thames ili kuondoa salfa, kwa hiyo ilitoka nyeupe, imelowa na imepoa, na badala ya kupaa ilielekea kushuka. Hewa ikiwa kavu na ya joto, weupe ule hupotea haraka, na picha inaonyesha kana kwamba hakuna kitu. Kipindi cha vita uoshaji ulisimamishwa kwa sababu wingu jeupe lilikuwa likiwaonyesha marubani wa adui njia. Kwa hiyo rangi ya moshi nayo si kalenda.

Andika "baada ya 1955, kabla ya Novemba 1983, huenda baada ya Machi 1975".

---

ZegeNaMoshi

Nakubali kuhusu "huenda". Nimekaza mno.

---

NondoKumiNaSita

Michirizi ya Picha 5 ni kutu. Masizi ni meusi na huanzia kileleni yakienea sawasawa. Kutu ni ya kahawia, huanza kwenye ufa au mahali palipobanduka na kutiririka wima chini yake. Kuza picha uone kama kila mchirizi una kichwa. Kikiwepo, ni nondo.

Zege zima ni kali kwa asili, ukali wa alkali na si wa asidi: pH yake (kipimo cha asidi na alkali) ni 12 hadi 13, na katika ukali huo chuma hakipati kutu. Hewa ya kaboni dioksaidi inapenya polepole mwaka hadi mwaka na kuupunguza ukali. pH ikishuka chini ya 9 hivi mahali nondo ilipo, kinga imeondoka, na unyevu unatosha kuanzisha kutu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, inasukuma zege kwa nje, zege linapasuka, maji yanaingia zaidi. Dohani zilipokea hewa ya nje upande mmoja na gesi yenye salfa na unyevu upande wa pili, kwa hiyo zililiwa pande zote mbili.

Kupima si kazi ngumu. Unatoboa na kutoa kipande cha mviringo cha zege, unakipasua, unapulizia fenolifthalini, kemikali inayobadilika rangi penye alkali, kwenye mpasuko mpya. Penye ukali panageuka waridi iliyokolea, palipokufa panabaki bila rangi. Pima kina cha pasipo rangi kwa rula, linganisha na kina cha nondo. Rangi ikianzia nyuma ya nondo, chuma hakina kinga. Lazima iwe mpasuko wa papo hapo. Vumbi la kutobolea likipaka uso uliokufa, linaweza kukupa waridi ya uongo.

Kama kuvunja kulikuwa lazima, hilo halikuwa na jibu moja. Wahandisi wa mwenye jengo walisema haziponi. Mwaka 2005 Twentieth Century Society na World Monuments Fund, mashirika ya kutetea majengo ya kihistoria, pamoja na kikundi cha wakazi walileta ripoti ya wahandisi wengine iliyosema zinatengenezeka zikiwa zimesimama. Mwisho zilivunjwa kutoka juu kwenda chini na kujengwa upya kwa umbo lilelile. Kwa maoni yangu, hoja nzito ilikuwa mahali zilipo: kiraka kikibanduka mita 90 juu ya watu, hakuna wa kukikagua kila mwaka kwa bei ya kawaida.

Kwenye Picha 5 angalia pia matofali. Jengo linabebwa na fremu ya chuma, matofali ni ngozi tu. Chuma cha ndani kikishika kutu, ngozi inapasuka kwa mstari ulionyooka unaofuata nguzo au boriti, si kwa ngazi za viungo vya matofali kama msingi unapozama. Nyufa za kunyooka kwenye pembe ni dalili ya miaka ya kukaa bila paa.

Na hiyo mbingu madirishani ndiyo tarehe yako. Paa la kumbi za boila liliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980 ili kutoa mitambo, wakati wa mpango wa kuligeuza jengo kuwa bustani ya michezo. Kazi ikasimama Machi 1989, likabaki wazi. Kumbi za turbini pembeni zilibaki na paa, kwa hiyo hakikisha madirisha unayoyaona ni ya kati.

---

MpangaPicha

Ni ya kati, yale marefu kati ya dohani mbili za mbele. Na michirizi ina vichwa, nimehesabu saba kwenye dohani ya mbele kulia. Picha 1 nimeona mnara mmoja wa daraja kwa mbali nyuma ya daraja la reli: mtupu, hauna urembo.

Rasimu ya maelezo, nirekebisheni:

Picha 1: 1937 au baadaye, B haijajengwa. Kutoka ukingo wa kaskazini. Imechapwa kinyume.
Picha 2: 2014 au 2015, dohani ya kusini-magharibi imebomolewa.
Picha 3: 1955 hadi 1983, huenda baada ya Machi 1975.
Picha 4: miaka ya 1930, si kabla ya 1932.
Picha 5: mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2014.

---

MstariMmoja

Picha 4: weka "1933 au baadaye" ukiona moshi, maana ndipo umeme ulipoanza. Bila moshi, acha ulivyoandika.

Picha 5 bado inabanika. Kama fremu inaenea kushoto hadi Vauxhall, mtaa ulio mashariki, tafuta mnara wa mviringo wa St George Wharf, mita 181, uliokamilika 2014. Usipokuwepo hata ukiwa unapanda, rudisha mwisho wako nyuma. Na tazama kulia kama lile tangi la gesi bado lipo.

Ukipata nyingine za karibuni: ubalozi wa Marekani, ule mchemraba wa Nine Elms, ulifunguliwa Januari 2018. Lifti ya kioo inayochomoza kileleni mwa dohani ya kaskazini-magharibi ni ya 2022. Picha yenye mto mbele na hiyo lifti ikiwa kwenye dohani ya mbele kushoto, nayo imegeuzwa.